Wakili wangu hajibu simu, talaka imekwama

Shangazi, shikamoo. Naishi Uingereza, na huu ni mwezi wa 9 tangu niombe talaka. Bado ni mke wa mtu. Wakili wangu hapokei simu. Nikimwandikia barua pepe 4 anajibu 1, tena kwa mstari mmoja: "Tunalishughulikia." Stetimenti za benki nilishampa karibu zote. Kitu kisichochelewa ni bili yake tu. Wenzangu wananishauri nimwache nitafute mwingine. Nifanyeje?
Niliyechoka

Marahaba mwanangu, na pole. Hiyo bili imenichekesha kwanza, halafu ikaniudhi.

Ila kabla hatujamvaa wakili, tujue ni uchelewaji upi ulio wake. Kama uko England au Wales (Scotland wana utaratibu wao), tangu mahakama isajili ombi lako lazima zipite wiki 20 ndipo uombe amri ya masharti, yaani hatua ya kwanza ya talaka. Ukishaipata, unangoja tena wiki 6 na siku 1 kabla ya kuomba amri ya mwisho, ile inayovunja ndoa. Hiyo ni miezi 6 hivi, na haipungui hata wakili wako angekuwa analala mlangoni pa mahakama. Kwa hiyo tunachomdai maelezo ni miezi 3.

Hapo nimekutana na neno lako "karibu". Karibu zote ni ngapi? Ile fomu ya kutaja mali kabla hamjagawana, wanayoiita Fomu E, inataka stetimenti za miezi 12 za kila akaunti. Ile ya zamani iliyobaki na pauni 11 nayo ni akaunti. Inataka pia thamani ya pensheni yako, na mfuko wa pensheni unaweza kukaa na ombi hilo wiki kadhaa. Sisemi wewe ndiye mkosaji. Nasema ukimshtaki mtu kwa uzembe huku karatasi zimebaki kwenye droo yako, atakujibu kwa sentensi moja na utanyamaza.

Tena labda anayechelewesha ni mumeo. Akigoma kutoa hesabu zake, dawa ni kupeleka suala la mali mahakamani, ambako kila upande unapangiwa tarehe. Wakili wako amewahi kukuambia hivyo? Kama hajasema, hilo ndilo kosa lake, kubwa kuliko simu zisizopokelewa.

Na hizo barua pepe zako. Mawakili wengi wa huko huhesabu muda wao kwa vipande vya dakika 6, kwa hiyo kila unachoandika kikisomwa kina bei. Wewe hukuniambia umeandika nini, lakini nawajua wanangu: aya ya kwanza ni swali, tano zinazofuata ni alionekana na nani na wapi. Tangu tarehe 6 Aprili 2022 hakuna haja ya kuthibitisha kosa la yeyote ili upewe talaka. Hayo ya alionekana na nani niletee mimi, mimi sitozi.

Wakili mwandikie barua moja fupi. Iwe hivi: "Naomba unijibu kwa maandishi ndani ya siku 7. Kesi imefika hatua gani? Tunamngoja nani, kwa kitu gani, tangu tarehe gani? Hatua inayofuata ni ipi na itachukuliwa lini? Mpaka leo gharama ni kiasi gani, na unakadiria itafika ngapi?" Basi, usiongeze chumvi.

Siku 7 zikipita kimya, fukua barua ya masharti uliyopewa alipoanza kazi. Humo kuna jina la anayepokea malalamiko katika ofisi yao. Mwandikie huyo, na juu kabisa uandike neno MALALAMIKO, lisije likachukuliwa kama ulizo la kawaida. Wana wiki 8 za kukujibu. Jibu lisipokuridhisha, au lisipokuja kabisa, nenda Legal Ombudsman, chombo kinachosikiliza malalamiko dhidi ya mawakili. Ni bure, na wanaweza kuiamuru ofisi ipunguze ada au ikulipe fidia. Ofisi ya wakili ikikupa jibu la mwisho, una miezi 6 tu ya kufika huko, usilale.

Kumwacha? Ni haki yako, saa yoyote. Lakini hao wenzako hawajakuambia kwamba wa zamani anaweza kulizuia faili mpaka umlipe, na mpya atalisoma kuanzia ukurasa wa kwanza kwa saa unazolipia wewe. Mimi ningehama kama hata huyo wa malalamiko angeninyamazia. Kabla ya hapo, hapana.

Kitu kimoja nakukataza. Kwa uchovu huo utatamani uombe amri ya mwisho ili jina la mke likutoke, mali mtagawana baadaye. Ngoja kwanza. Mumeo akifariki ukiwa umeshaachika na pensheni haijagawanywa, unaweza kukosa stahiki za mjane. Muulize wakili kuhusu hilo kwenye barua hiyohiyo, liwe swali la tano.

Leo omba ile karatasi ya pensheni, na uitafute stetimenti ya zile pauni 11. Barua uitume kesho asubuhi, ukiwa umelala vizuri.