Chanjo ya Kipindupindu: Kwa Nini Hunywewa?

SWALI: Assalamu alaykum, Daktari. Mwaka 2009, hapa Pemba, nilikuwa miongoni mwa waliokunywa chanjo ya kipindupindu. Tulipewa maji ya kikombe yaliyotiwa unga wenye kutoa povu, na baada ya muda tukarudia. Hivi karibuni mjukuu wangu amedungwa sindano ya chanjo ya homa ya matumbo. Maradhi yote mawili ni ya tumbo na huletwa na bakteria. Kwa nini moja lina kikombe na jingine sindano? Tena, kinga yangu ingalipo?
Bibi wa Mkoani

JIBU: Waalaykumu salaam, Bibi. Tofauti hiyo inatokana na mahali bakteria wenyewe wanapokaa. Wa kipindupindu hawaingii katika damu. Wakinusurika na asidi ya tumbo, huteremka hadi utumbo mwembamba, hujishikiza kwenye utando wake na kutoa sumu inayozifanya seli za utumbo zimwage maji na chumvi, hata mgonjwa akapoteza lita nyingi kwa siku moja ilhali bakteria wote wamebaki utumboni. Kingamwili (protini za mwili zinazopambana na vimelea) zilizomo katika damu, kwa sehemu kubwa, haziwafikii. Chanjo za zamani za sindano zilitoa kinga hafifu isiyodumu, na mwaka 1973 sharti la kimataifa la wasafiri kuwa na cheti chake liliondolewa.

Chanjo uliyokunywa ilikuwa na bakteria waliouawa, wasioweza kumwambukiza mtu, pamoja na sehemu ya sumu yao isiyodhuru. Unga ule wa povu ulikuwa na kazi kubwa: ulipunguza ukali wa asidi ya tumbo, ambayo ingeiharibu sehemu hiyo kabla haijafika utumboni. Katika ukuta wa utumbo mwembamba mna mafungu ya seli za kinga. Hizo ndizo huipokea chanjo, huitambua, na katika muda wa wiki moja hivi kingamwili za aina ya IgA huanza kutolewa juu ya utando wenyewe. Bakteria hai wakija baadaye kwa maji machafu, kingamwili hizo huwanasa na kuwagandanisha, wasiweze kuogelea wala kujishikiza, wakatoka na choo kabla ya kuleta madhara.

Bakteria wa homa ya matumbo hupenya ukuta wa utumbo, huingia katika damu na kufika hadi kwenye ini na wengu. Huyo kingamwili za damu humkuta njiani, na kwa hiyo sindano humfaa mjukuu wako, ingawa imewahi kutumika pia chanjo ya vidonge yenye bakteria hai waliodhoofishwa.

Kuhusu kinga yako, Bibi, usiitegemee tena. Chanjo ya kunywa inayotumiwa siku hizi katika kampeni hukinga kwa miaka isiyopungua 3 mtu akipata dozi mbili, na watoto walio chini ya miaka 5 hupata kinga ndogo zaidi. Hata hivyo kikombe chako hakikupotea bure. Waliofuatiliwa Unguja na Pemba baada ya kampeni ile walionyesha kuwa dozi mbili zilipunguza hatari ya kuugua kwa asilimia 79, na hata majirani ambao hawakunywa walinufaika pale walipozungukwa na wengi waliokunywa, kwa kuwa vimelea vilivyofika vyooni na visimani vilipungua. Jambo hilo hunifurahisha kila nilikumbukapo.

Chanjo ikiletwa tena mtaani kwenu, inywe. Ya sasa huja katika kichupa cha mililita 1.5, bila unga wala maji ya kuchanganya. Tangu Oktoba 2022, kwa uhaba wa chanjo duniani, kampeni za dharura zilianza kutoa dozi moja badala ya mbili, na kinga ya dozi moja ni ya muda mfupi zaidi. Basi maji ya kunywa endeleeni kuyachemsha. Akiharisha mtu choo kama maji ya mchele, mpeni ORS (maji yenye chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini) papo hapo, na aendelee kuinywa mkiwa njiani kwenda hospitali.