Unayeanza kucheza mchawi, usikae bure kati ya pigo na pigo

Wengi wanaoanza kucheza mchawi kwenye gemu za mtandaoni huuliza kwanza ni kitufe gani kinafuata kipi. Swali zuri, ila kuna jambo linalotangulia: mikono yako inakaa bure kwa muda gani baada ya kila pigo? Mchawi aliyenyamaza hupoteza mengi. Hata pigo lisilo bora sana lina faida kuliko kimya.

Chukua gemu ya Final Fantasy XIV. Muda wa kawaida wa kusubiri kati ya pigo na pigo ni sekunde 2.5, kwa hiyo ndani ya dakika tano unaweza kurusha mapigo 120. Ukichelewa nusu sekunde kila mara, utarusha 100 tu. Hukukosea hata kitufe kimoja, na bado mapigo 20 yamepotea. Dawa yake ni kubonyeza kitufe kinachofuata kabla pigo la sasa halijamalizika. Gemu huihifadhi amri hiyo na kuitekeleza papo hapo nafasi inapopatikana.

Mkono ukishazoea, ndipo urudi kwenye mpangilio wa vitufe. Usiukariri kama shairi. Ni orodha ya vipaumbele: kila nafasi ikifunguka, unaanzia juu na kurusha la kwanza lililo tayari. Mchawi wa moto kwenye gemu ya World of Warcraft anaonyesha vizuri sababu yake. Mapigo yake mawili yakitoka makali mfululizo, yaani yakiumiza kuliko kawaida kwa bahati, Pyroblast, pigo lake zito, inakuwa ya papo kwa papo, haina kusubiri. Huwezi kujua mapema ni lini bahati hiyo itakuja, lakini unaweza kuisaidia. Pigo lake jingine, Fire Blast, hutoka kali siku zote, na unaweza kuirusha katikati ya kuandaa pigo jingine. Basi ukishapata pigo kali la kwanza, Fire Blast inakamilisha la pili na Pyroblast inafunguka. Mchezaji anayeitupa Fire Blast ovyo kwa kuwa tu iko tayari, nafasi ikija hana kitu mkononi. Hapo ndipo utamjua anayeelewa darasa lake (aina ya mhusika anayemcheza) na aliyekariri vitufe.

Kwa wanaoroga kwa laana zinazouma taratibu, kosa la kawaida ni kuzirudia mapema mno. Kwenye gemu hiyohiyo, laana ikirudiwa huhifadhi muda uliobaki usiozidi asilimia 30 ya muda wake wa kawaida. Kwa laana ya sekunde 18, subiri zibaki kama sekunde tano. Ukirudia zikiwa zimebaki kumi, karibu nusu ya hizo umezimwaga.

Mana, yaani nguvu inayotumika kurusha mapigo, nitaipitia haraka: gemu nyingi za siku hizi hazikubani sana hapo, isipokuwa darasa lako limejengwa juu yake.

Linalowashinda wengi ni kutembea. Ukisogea, pigo unaloandaa linakatika. Kwa hiyo weka akiba ya mapigo ya papo kwa papo kwa ajili ya pale bosi, yaani adui mkuu, atakapokulazimisha kuhama, na jifunze hukulazimisha lini. Fanya mazoezi kwenye sanamu la mazoezi lililomo ndani ya gemu, lakini usisimame kama nguzo: kila baada ya mapigo machache jilazimishe kuhama hatua kadhaa bila kunyamaza. Sanamu halikukimbizi, na mpangilio ulioujua ukiwa umesimama tu utakuponyoka ardhi chini yako ikianza kuwaka.