Kabla ya Kutafuta Umri wa Ufa, Piga Hesabu ya Kina

Wanafunzi wanaoniomba ushauri kuhusu utafiti wa nyufa za Bonde la Ufa huanza kwa kuuliza wakusanye mawe mangapi. Mimi huwauliza kwanza ni unene gani wa miamba umekwisha kuondolewa upande ulioinuka, kwa kuwa jibu hilo ndilo linaloamua kama maabara itawapa tarehe ya ufa au ya jambo jingine kabisa.

Madini tunayoyategemea zaidi ni apatiti. Uraniamu iliyomo huzalisha heliamu, ambayo huvuja jiwe likiwa na joto na huanza kubaki likipoa chini ya nyuzi 70 hivi, hivyo kiasi kilichobaki hueleza jiwe limepoa tangu lini. Makovu yanayoachwa na atomi za uraniamu zinapopasuka nayo hufutika jiwe likizidi takriban nyuzi 110. Ikiwa juu ya ardhi pana nyuzi 20, na joto huongezeka nyuzi 25 kwa kila kilometa, basi heliamu huanza kubaki kwenye kina cha kilometa 2, na makovu kilometa 3.6. Ufa ambao haujafukua miamba ya kina hicho hautaonekana katika vipimo hivi, hata ukiwa na genge refu la kutisha.

Rwenzori inathibitisha hilo. Ni mlima wa meta 5,109 ulioinuliwa na nyufa changa, lakini makovu ya apatiti zake hutoa umri wa vipindi vya Jura na Kretasia, yaani zaidi ya miaka milioni 66 iliyopita. Maabara haikukosea: jiwe hupoa tabaka zilizo juu yake zinapoondolewa, wala kupanda kwa mlima peke yake hakulipoozi, na huko mmomonyoko haujaifikia kasi ya kuinuka kwa mlima.

Hesabu ikikubali, chukua sampuli kutoka chini ya genge hadi juu katika mstari mmoja, kwani mahali ambapo umri unakaribia kulingana licha ya tofauti ya mwinuko ndipo penye dalili ya kupoa kwa kasi. Jiepushe na miamba iliyo karibu na lava, na uvunje ganda la nje, maana moto wa nyika (na kwetu haukosekani) unaweza kuitoa heliamu.

Hesabu ikikataa, tafuta lava. Karibu na Magadi, nyufa nyingi zimekata lava za trakiti zenye umri wa kati ya miaka milioni 1.4 na 0.8 hivi, kwa hiyo mikato hiyo ni michanga kuliko lava zenyewe. Katika eneo la namna hiyo, fedha za apatiti afadhali zilipie vipimo vya agoni, gesi inayotumika kupima umri wa lava.