Kuuza nje bila ofisi ya nje

Dada, umeuliza viwanda vidogo vya Wachina vinauzaje nje ilhali havina ofisi huko, ukitaka kuiga kwa sandali zako za ngozi. Mara nyingi mteja ndiye anayevifuata. Soko la Yiwu, mkoani Zhejiang, lina vibanda zaidi ya 70,000, na wafanyabiashara wa Kariakoo wanaujua vizuri mji huo. Kiwanda hukodi kibanda, halafu wakala hukusanya mizigo ya viwanda vingi na kujaza kontena moja. Kwangu mimi siri iko hapo: nauli, forodha na makaratasi wanagawana. Guangzhou, mji wa kusini mwa China, nako kuna maonyesho ya biashara mara mbili kwa mwaka, yaliyoanza 1957, na Alibaba, kampuni ya Kichina ya biashara ya mtandaoni, ilipoanzishwa 1999 viwanda vikapata njia ya mtandaoni.

Usione aibu kuanzia kwa wakala. Mpaka sheria ya China ya biashara ya nje ilipobadilishwa 2004, wenye viwanda vidogo wengi walilazimika kupitia kampuni zenye kibali cha kuuza nje.

Tafuta mafundi wanne watano mnaoaminiana, mkubaliane vipimo na ubora, kisha mpeleke sampuli pamoja. Usitangulie kukopa. Oda ya kwanza ikiwa ndogo ipokee, ila dai malipo ya awali kabla hujakata ngozi.