Kabla hujasaini karatasi ya mahudhurio

Miaka kadhaa iliyopita chifu alituita barazani, hapa Mombasa. Mwekezaji alitaka kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu za magari atoe risasi, yaani ile metali yenye sumu, si ya bunduki. Tulipewa soda na mkate, karatasi ikapitishwa, tukaandika majina, nambari za kitambulisho na saini. Nilidhani ni mahudhurio tu. Nilipokuja kuisoma ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira, karatasi ile ilikuwa imebandikwa nyuma kabisa kama ushahidi kwamba wenyeji wameridhia. Jina langu la kumi na moja.

Kwa hiyo ukiitwa, andika ubavuni mwa saini yako: "Nimehudhuria, sijakubali." Kisha piga picha. Mwenye karatasi atakununia, muache.

Na msiulize kazi tu. Siku ile swali letu lilikuwa hilo moja, vijana wangapi wataajiriwa. Hakuna aliyeuliza moshi utaelekea wapi kusi ikivuma, maji ya tindikali yatamwagwa wapi, wala nyumba ya kwanza iko hatua ngapi kutoka ukutani. Ilhali Owino Uhuru, mtaa wa hapahapa Mombasa, tunaijua sote: kiwanda cha aina hiyohiyo kilianza 2007, kikafungwa 2014, risasi ikakutwa kwenye damu ya watoto. Wenyeji walishinda kesi 2020, fidia shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaifuta, na Mahakama ya Juu ikawarudishia Desemba 2024. NEMA, mamlaka ya mazingira inayotoa leseni, ilikuwa miongoni mwa waliobebeshwa fidia hiyo. Ndiyo maana mimi muhuri wao peke yake haunitoshi.

Kanuni za tathmini hiyo za 2003 zilimtaka mwenye mradi akutane na watakaoathirika si chini ya mara tatu. Sisi tulipata mara moja, ile ya soda. Hilo tuliliandika kwenye barua, ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, tukapeleka NEMA nakala mbili ili moja tugongewe muhuri wa kupokelewa. Usikubali kuondoka bila muhuri huo. Leseni ikishatolewa una siku 60 za kukata rufaa kwenye jopo la mazingira, yaani baraza maalumu la kusikiliza kesi za mazingira, na Kifungu cha 70 cha Katiba hakikutaki uthibitishe kwamba umeshaumia.

Wiki tatu baadaye maafisa walikuja na tepu, wakapima kutoka ukutani hadi mlangoni kwa jirani yangu. Kipimo hicho ripoti nzima haikuwa nacho.