Kona ya Wafugaji: Mbu wamehamia bandani

SWALI: Kamwene dada. Mi nafuga kuku wa kienyeji 14 hapa Ipogolo, Iringa, banda la mianzi na bati nyuma ya nyumba. Tangu mvua zianze mbu ni wengi mno, usiku ukiingia na tochi wanakupiga usoni, kuku hawatulii wanapigapiga miguu mpaka asubuhi, na sa hivi vijogoo wawili wametoka vipele vyeusi kwenye upanga, mmoja jicho limefumba kabisa. Jirani kaniambia niweke jiko la mkaa na mavi makavu ya ng'ombe moshi uwafukuze, mwingine anasema nipulize dawa ya mbu ya dukani. Nifanye lipi? Na hiyo ndui si itatupata na watoto?
Mfugaji wa Ipogolo

JIBU: Kamwene mama, pole sana. Jiko usiweke, tafadhali. Kuku ana kifua chepesi kuliko unavyodhani, moshi unamharibu kabla haujamsumbua mbu, na mkaa kwenye banda lililofungwa unaua kimya kimya, utaamka ukute wote wamelala chali halafu tuseme ni kideri.

Kuhusu watoto, toa wasiwasi. Ndui ya kuku ni ya ndege, haishiki watu, na kirusi chake sio kile cha ile ndui ya watu ambayo WHO walitangaza 1980 kwamba imetokomezwa, na wala sio tetekuwanga. Ni jina tu linatuchanganya.

Sasa mbu. Mbu anamng'ata kuku pale pasipo na manyoya, yaani kwenye upanga, ndevu, kuzunguka macho na miguuni, ndo maana vipele umeviona hapohapo. Damu anayokunywa kwa kuku mkubwa sio shida sana, shida ni kwamba akishamng'ata mwenye ndui anabeba kirusi mdomoni wiki kadhaa na kila atakayemng'ata baadaye anachomwa nacho. Dawa ya kuua hicho kirusi hakuna, asije mtu akakuuzia. Watenge hao wawili, jicho lioshe na maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, vipele vya upangani pakaa ayodini na usivibandue, maana lile gamba likidondoka bandani linakaa na ugonjwa miezi. Wengi wanapona wenyewe wiki 3 au 4. Wa kuogopa ni yule anayetoka utando wa njano mdomoni, huyo anashindwa kula na kupumua, mwite bwana mifugo mapema.

Hao 12 waliobaki wachanje sasa, bado wanaoumwa ni wachache. Chanjo ya ndui haiwekwi kwenye maji kama ile ya kideri, inachomwa kwenye ngozi ya bawa kwa kisindano chenye ncha mbili, halafu siku ya 7 mpaka 10 unafunua bawa unaangalia, ukikuta kauvimbe au kagamba ujue imeshika, ukikuta ngozi safi kama hajaguswa basi haikushika, rudia. Chupa moja ni ya kuku wengi na ikishachanganywa haikai, so ongea na majirani mchangie mchanje siku moja, na mtu asiibebe mfukoni kutoka mjini, aiweke kwenye barafu.

Ila hapo umeniambia banda la mianzi, hapo ndo nimesimama. Hata mi msimu uliopita nilimwaga kila kitu, ndoo, makopo, lile tairi la kunyweshea, na mbu wakabaki vilevile mpaka nikaanza kuwalaumu majirani. Siku moja narekebisha wavu nikapanda kwenye stuli nikamulika juu ya nguzo ya mwanzi, nikakuta fundi alikata juu ya fundo akaacha pingili wazi kama kikombe, imejaa maji ya mvua meusi na viluwiluwi vinacheza! Nguzo 11, vikombe 11. Sisi Iringa mianzi tunaijua kwa ulanzi tu, ile pombe inayogemwa kwenye mwanzi, kumbe mbu nao wana mbeta zao, yaani vile vibuyu vya mwanzi vya kukingia. Jaza mchanga uweke simenti kidogo juu, au kata mwanzi usawa wa fundo ili maji yasikae. Vyombo vingine mwaga na usugue kila wiki bila kuruka, kwa sababu yai la mbu linachukua kama wiki moja hadi mbili kuwa mbu anayeruka, na baridi yetu inamchelewesha kidogo, hivo ukimwaga kila Jumamosi unamkata katikati. Maji ya kunywa kuku badilisha kila siku.

Kwenye madirisha ya banda weka wavu wa mbu ule wa hardware, waya wa kuku uwe ndani na wavu uwe nje, la sivyo watauchungulia na kuudonoa mpaka watoboe. Funga kabla ya saa 12 jioni. Ila usizibe kila upande ukafanya stoo, chuchumaa kimo cha kuku uvute pumzi, ikikuwasha puani wao wanalala humo usiku mzima.

Dawa ya kupuliza sio dhambi, lakini kuku wawe nje, chakula na maji vitoke, na wasirudi mpaka harufu imekwisha. Na kabla hujamaliza hela kwa mbu, leo usiku pitisha kitambaa cheupe chini ya fito wanazolalia, kikitoka na madoa ya damu una utitiri humo kwenye nyufa za mianzi, na huko kupigapiga miguu pengine ni wao.

SWALI: Nasikia ukipanda mchaichai kuzunguka banda mbu hawasogei. Kweli?
Msomaji, Uyole, Mbeya

JIBU: Mchaichai uliosimama shambani haufukuzi mtu, kinachomkera mbu ni mafuta yake na hayatoki mpaka uupondeponde. Panda, utapata chai nzuri na hako kabaridi ka Uyole, ila banda weka wavu. Kama unataka kitu cha nyanda zetu za juu ulizia unga wa pareto agrovet, unasaidia kwa wadudu wengi wa bandani, ila jua linauchosha haraka, unyunyize jioni kwenye nyufa na pembeni.

SWALI: Mi niko Kyela, mbu mwaka mzima, na banda liko karibu na bwawa la perege. Nihamishe banda?
Baba Kuku

JIBU: Perege wanakula viluwiluwi, kwa hiyo bwawani katikati mbu hawatoki. Wanatoka pembeni kwenye majani ambako samaki hafiki, na kwenye nyayo za ng'ombe zilizojaa maji. Fyeka kingo, fukia hizo nyayo, banda liache. Na huo ushauri wa pareto niliompa mwenzako wa Uyole wewe usiufuate karibu na maji, unaua samaki.