Maswali Yenu: Nina laki tatu tu, websaiti ya biashara naipataje?

SWALI: Kaka habari za kazi. Mimi ni mama niko Muheza, Tanga, mwaka jana nimeanza biashara ya viungo, mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga, nachukua kwa wakulima wa kule juu Amani nakausha na kufungasha mwenyewe nyumbani. Wateja wangu karibu wote ni wa WhatsApp na wa kuambizana. Sasa juzi hoteli moja ya Pangani wakaniuliza websaiti yako ni ipi nikakosa cha kujibu, nikamtafuta kijana anayetengeneza akaniambia milioni moja na laki nane. Mimi nina laki tatu, na hiyo hiyo ndo nilikuwa nanunulia vifungashio. Je inawezekana kwa hela hiyo au nisubiri kwanza? Na kweli naihitaji wakati WhatsApp ninayo? – Mama Viungo, Muheza

JIBU: Dada yangu hongera sana kwa hiyo kazi, na usisubiri, laki tatu inatosha na hela ya vifungashio itabaki, ila inabidi ujue unanunua nini maana hapo ndipo watu wanapoumizwa.

Websaiti ni vitu vitatu tofauti na mafundi wengi wanavichanganya kwenye bei moja. Kuna jina, yaani domeini, ile anwani mtu anayoandika. Kuna hostingi, ni kama chumba unachopanga kwenye seva, ile kompyuta inayowaka muda wote, mahali websaiti yako inakaa. Halafu kuna kazi yenyewe ya kuitengeneza. Jina linaloishia na .co.tz ni makumi ya maelfu kwa mwaka, sio malaki, na hostingi ndogo ya biashara kama yako nayo haitofautiani sana na hapo. Kwa hiyo ile milioni na laki nane sehemu kubwa ni ufundi, na kwa mtu anayeanza ufundi mwingi hauhitaji. Unaponunua uliza bei ya mwaka wa pili maana kuna wanaotangaza bei ya kutupa mwaka wa kwanza halafu kwenye kuhuisha inaruka.

Sasa naomba hapa unisikilize vizuri, hata kama mengine yote utayasahau. Jina linunue WEWE, kwa jina lako, kwa imeili yako ambayo hutaipoteza na namba yako ya simu. Usimwachie fundi akununulie "ili kukurahisishia". Mdogo wangu wa kike ana ofisi ya ushonaji, alimlipa kijana mmoja kila kitu kwa pamoja, jina likasajiliwa kwa imeili ya yule kijana, mwaka ulipoisha kijana hapatikani, namba imefungwa, jina likaisha muda na websaiti ikazimika, na yeye alishachapisha lebo za nguo 2,000 zenye ile anwani. Alilia. Kwenye kujaribu kulirudisha akaambiwa mmiliki anayetambulika siyo yeye na kweli kwenye kumbukumbu siyo yeye. Majina yote ya .tz yako chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, na kuna orodha ya mawakala walioidhinishwa kuuza, chagua mmoja humo, mawakala wengi wa hapa nyumbani unawalipa kwa simu tu. Ukishalipa hakikisha unaingia kwenye akaunti mwenyewe kwa paswedi yako, risiti iwe na jina lako au la biashara yako uliyosajili BRELA, na tarehe ya kuisha iandike hata ukutani.

Kwenye kuchagua jina, litaje kwa simu kwa mtu asiyekujua mwambie aliandike. Akikosea badilisha. Usiweke namba wala vistari, watu wanavisahau.

Kutengeneza, mwambie fundi atumie WordPress. Ni programu ya bure, ipo tangu 2003, na uzuri wake ni kwamba mafundi wanaoijua wamejaa kila mji, huyu akikuacha mwingine anaendelea alipoishia, tofauti na mtu akikuandikia kitu chake mwenyewe anachokielewa peke yake. Ila kuna WordPress mbili zinawachanganya watu, ile ya .org ndo programu unayoipakua bure na kuiweka kwenye hostingi yako, ya .com ni kampuni inayokuwekea yenyewe kwao na ukitaka mambo mengi unalipia. Kwako chukua ya kwanza. Kazi ya kupanga hata kurasa mbili tatu kwa templeti ya bure, yaani muundo uliokwisha kupangwa, kijana mzuri anaweza kuimaliza siku mbili, elewaneni bei ya siku mbili.

Na akikuambia laki na nusu ya "SSL", ile alama ya usalama, muulize kwa nini, maana shirika la Let's Encrypt linatoa vyeti vya alama hiyo bure na hostingi nyingi wanakuwekea bila kukudai chochote. Ila iwepo lazima, tangu 2018 kivinjari cha Chrome kinamwandikia mtu kwamba tovuti si salama kama haina, na mteja akiona hivyo anatoka.

Kuhusu cha kuweka ndani, mimi ningekuwa wewe ningeanza na ukurasa mmoja tu. Wewe ni nani na viungo vinatoka wapi (sema Amani, sema milimani, hiyo ndo mali yako, mpishi wa hoteli anataka kujua mdalasini umetoka wapi), unauza nini kwa gramu ngapi na bei gani, unatumaje, na mtu anakupata vipi. Bei ziandike jamani, hii tabia ya "njoo inboksi" inachosha, mnunuzi wa hoteli ana orodha ya vitu hamsini hana muda wa kukufuata inboksi. Kama una alama ya ubora ya TBS ionyeshe, kama bado usiiweke kabisa, nenda SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, wakuelekeze utaratibu wa wajasiriamali wadogo. Na omba fundi akuwekee imeili yenye jina la biashara, hostingi nyingi wanatoa humo humo, ofisi zinaiamini kuliko ya Gmail.

Kitufe cha WhatsApp kiwe kikubwa, mtu akibonyeza anaingia moja kwa moja kwenye chati yako. Linki yake inaanza na wa.me/ halafu 255 na namba yako bila ile sifuri ya mwanzo na bila alama ya kujumlisha. Nimeona websaiti nyingi wameweka 07 hivyo hivyo na kitufe hakifanyi kazi miezi na miezi mwenyewe anasema biashara ngumu. Malipo ya mtandaoni kwa sasa achana nayo, weka lipa namba yako na jina linalotokea mteja akilipa liwe la biashara, oda zikizidi uwezo wako wa kuandika kwenye daftari ndo tuongelee duka kamili.

Picha sasa. Picha moja ya simu ya siku hizi ni MB 3 mpaka 5, ukiweka kumi ukurasa una MB 40, nani atamaliza bando lake kuangalia iliki? Zipunguze ziwe chini ya KB 200 kila moja, kuna programu za bure za kufanya hivyo, upana wa pikseli 1,200 unatosha kabisa. Kupiga huhitaji studio, piga asubuhi karibu na dirisha, viungo viwe kwenye ungo au kitambaa cheupe, bila flashi, na moja uwepo wewe mwenyewe unachambua. Hapo usimwachie fundi atafute picha za mtandaoni za mdalasini wa watu wengine.

Umeuliza kama kweli unaihitaji. Wateja wako wa sasa wa majirani na status, hapana, WhatsApp Business na katalogi yake inawatosha na ni bure. Unaihitaji kwa wale wasio na namba yako, kama hao wa Pangani, mtu anayekaa ofisini anaandika kwenye Google "viungo Tanga". Halafu kumbuka tarehe 4 Oktoba 2021, WhatsApp, Instagram na Facebook zilizimika pamoja kwa muda wa karibu masaa sita, kuna watu walikuwa hawana njia nyingine yoyote ya kupatikana na mteja. Jina lako na imeili yako havitegemei hao. Na kabla hata hujamlipa fundi shilingi, leo jioni jisajili kwenye Google Business Profile uonekane kwenye ramani, ni bure, wanaweza kukutaka uwarekodie video ya mahali unapofanyia kazi kuthibitisha.

SWALI: Kaka mimi nina saluni ya kiume Mbeya, nimeona kuna websaiti za bure kabisa, nichukue au ni utapeli? – Kinyozi, Mbeya

JIBU: Chukua, mdogo wangu. Google Sites kwa mfano ni ya bure na haina matangazo, shida yake ni ile anwani ndefu isiyosomeka kwenye bango. Dawa yake ni kununua jina lako mwenyewe kama nilivyomwambia dada hapo juu halafu uliunganishe na hiyo ya bure, inakubali, kwa hiyo gharama yako inakuwa ya jina peke yake. Kwa saluni weka ramani, saa za kufungua na kufunga, bei ya kunyoa mkubwa na mtoto, na picha za vichwa ulivyonyoa wewe, waombe ruhusa kwanza wenye vichwa.